Sahani ya Macario

Siku ya harusi, Macario alipanda meli ya kwenda Davao na hakuonekana tena. Pale bandarini Cebu alimvulia mdogo wake Osias koti lake jeusi, akamkabidhi na bahasha yenye cheti chake cha kuzaliwa, akamwambia avitunze, akirudi atavidai. Osias alikuwa na miaka kumi na saba na sharubu za kuhesabika. Macario alikuwa mpana kama mlango wa kanisa.

Huo ulikuwa mwaka 1991. Tangu siku hiyo mama yao, Mama Pacing, hajaacha kuweka sahani ya Macario mezani. Wali ukipoa, huwapelekea kuku.

Cheti cha ndoa cha Luming, bibi harusi wa siku ile, kina jina la Macario. Nyumba ya Luming ina Osias. Hawakujaliwa mtoto, wamejaliwa nguruwe, na wamezeeka pamoja hapa Tubigon bila mtu kuwauliza karatasi. Ndoa yenyewe ilifungwa ng'ambo, kulekule Cebu, mbele ya hakimu mwenye njaa na mashahidi wawili waliookotwa kwenye foleni.

Mambo yalifichuka mwaka juzi, moyo wa Osias ulipomwangusha bandani. Hospitalini walitaka mke atie sahihi. Luming akatoa cheti chake. Karani alikisoma, akamrudishia, akamwambia kwamba yeye ni mke wa mtu mwingine, asubiri nje. Luming alikaa siku mbili kwenye benchi la wauza ndizi za kukaanga, akimwuliza kila muuguzi aliyetoka kama Osias bado yu hai.

Osias alipona. Habari nazo zikapata miguu. Jirani yao Felisa alitangaza sokoni kwamba kumbe Luming aliolewa na kaka, akarudishiwa mdogo kama chenji. Luming alimjibu kwamba chenji yake inaosha vyombo, sijui noti nzima ya Felisa inaosha nini. Watu wakacheka, yakaisha. Lakini daktari alikuwa amesema moyo ule utamwangusha tena, na Luming hakuwa tayari kurudi kwenye lile benchi.

Wakili Quijano alikuja nyumbani kuwaeleza njia zilizopo. Talaka, katika nchi hii, wasiitaje, sheria haina. Ila Macario angeweza kutangazwa kuwa amekufa. Mama Pacing, aliyekuwa akimenya vitunguu, alisema mwanawe hatauawa kwa muhuri. Ikabaki njia moja: mahakama iibatilishe ndoa.

"Na hiyo ina tofauti gani na talaka?" Luming aliuliza.

"Talaka inasema alikuwa mumeo, sasa basi. Kubatilisha kunasema hakuwa mumeo tangu siku ya kwanza."

Luming na Osias walitazamana.

"Hiyo ya pili," Luming alisema. "Hiyo naweza kuiapia."

Kesi ilisikilizwa Tagbilaran. Osias alimpeleka Luming kwa pikipiki, akakaa benchi la nyuma kabisa, chakula cha mchana kikiwa mapajani, na watu wakamtazama kama wanavyotazamwa wanaume wa namna hiyo. Mwanasheria wa serikali ndiye aliyeanza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mke na mume hawajala njama ya kuachana, maana wakila njama kesi inakufa.

"Njama na Macario?" Luming alisema. "Mheshimiwa, miaka thelathini na mitatu sijamsikia hata akikohoa."

Akaulizwa Macario alilala kwake siku ngapi baada ya harusi.

"Hata usiku mmoja."

Kule nyuma Osias alipaliwa ghafla, ikabidi atoke akanywe maji.

Wakili Quijano akatoa picha ya harusi. Kimbunga kiliwahi kuingia nyumbani kwao na kukiosha kichwa chote cha bwana harusi. Kilichobaki ni Luming anayecheka, na kando yake koti jeusi ambalo mikono yake imefunika vidole vya aliyelivaa. Hakimu aliitazama kwa muda, akaiweka kwenye jalada. Kisha akamwuliza Mama Pacing kama mwanawe huyu Macario aliwahi kumtendea Luming kama mke.

"Macario wangu?" bibi alisema. "Hakuwahi hata kumshika mkono. Na hilo mkitaka kumlaumu mtu, nilaumuni mimi niliyemlea."

Watu walimwonea huruma. Felisa, aliyekuja kama msikilizaji tu, alitoa leso.

Hukumu ilitoka baada ya miezi kumi na minne. Mahakama iliona kwamba Macario hakuwa na uwezo wa kubeba wajibu wa ndoa, na kwamba kati yake na Luming ndoa haikuwahi kuwapo. Luming aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la biskuti. Jioni ile Mama Pacing aliweka sahani kama kawaida, akaizungushia kitambaa inzi wasiingie.

Felisa ameomba msamaha kwa namna yake: amejitolea kumwoka nguruwe, na anamwambia kila anayepita kwamba shemeji kapandishwa cheo.

Ndoa ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ukumbi wa manispaa. Sahani ya Macario itakuwa meza ya wazazi. Koti jeusi limepigwa pasi, na sasa linamkaa Osias sawasawa. Safari hii cheti cha kuzaliwa atakachopeleka ni chake mwenyewe, kwa kuwa umri umetosha.