Msikilizaji wa Pili

Siku hizi sheria hairuhusu mtu kusikiliza muziki peke yake. Mzee Mbwana, aliyefiwa na mkewe, alikuwa na nyimbo zao zote kwenye kompyuta ya chumbani, lakini mashine ya gemu iliyounganishwa na televisheni sebuleni haikuzipokea na kuzipiga mpaka msikilizaji wa pili aitike kwa mtandao. Kila alasiri binti yake, Mwanahawa, aliitika kutoka Mwanza kupitia spika ya mashine: "Nipo, baba." Hapo nyimbo zilianza, na mzee akawa anamsimulia habari za siku.

Ijumaa moja alimwambia, "Mwanangu, leo nimeanguka bafuni."

"Nipo, baba."

"Goti limevimba."

"Nipo, baba."

Alizima muziki, akampigia simu. Alimuuliza Mwanahawa kama alikuwa amemsikia.

"Ile ni sauti niliyoirekodi tangu Ramadhani, baba, ili usikose muziki. Kazi zimenizidi. Kwani kuna tatizo?"

"Hapana, mama. Nilitaka kukusalimu tu."

Kesho yake aliwasha tena mashine. Sauti ilipoitika, alipunguza muziki, akavuta kiti karibu na spika, akaieleza jinsi goti lilivyomnyima usingizi.