Mstari Usiorudi Nyumbani

Mwanamke mwenye koti la kijivu alikuwa amepanda tena baiskeli ile, na kama kawaida yake alikuwa amechagua mstari uleule.

"Kaja tena," wifi alimnong'oneza msanii aliyebuni maonyesho yale, mke wa kaka yake, akimgusa kiwiko. "Naye hachoki."

Baiskeli ilikuwa imefungwa sakafuni, mbele ya ukuta mpana wa ukumbi. Ukikanyaga pedali, ramani ya jiji iliwaka ukutani na mwanga mwembamba ukaanza kutembea: safari halisi ya mtu halisi, kama simu yake ilivyoirekodi. Waendesha baiskeli wengi walikuwa wametoa safari zao. Wenye magari walipanda wakitaniana, wakashuka kimya, baada ya kuona jinsi mwanga ule ulivyositasita kwenye kila makutano.

Mistari yote ilitoka asubuhi, ikarudi nyumbani jioni. Mmoja tu ulikatikia kwenye makutano ya sokoni. Huo ulikuwa wa mume wa msanii. Gari lililomgonga halikusimama.

Jina lake halikuandikwa popote. Sasa huyu mgeni alijuaje? Kila alipokuja alikanyaga taratibu, machozi yakimtiririka, na kabla mwanga haujafika sokoni aliacha kukanyaga, akainamia usukani.

"Kaka yangu namjua mimi," wifi alisema. "Miguu kama njiti za kiberiti. Nani angemtaka zaidi yako?"

Alijaribu kucheka.

Msanii aliukazia macho ukuta. Mstari ule ulikuwa na kona moja: mumewe aliacha barabara kuu, akazungukia mtaa wa nyuma, kisha akarudi. Siku zote aliwaambia wageni kwamba alikuwa akikwepa malori. Siku hizi hakuwa na hakika. Alizikumbuka jioni alizochelewa, na pancha alizosingizia, akajiona mjinga kwa kuziamini zote.

Siku hiyo uzalendo ulimshinda. Alivuka ukumbi, akasimama mbele ya usukani.

"Unamjua mwenye safari hii?"

Mwanamke alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwa mbali.

"Alikuwa amevaa shati la njano," alisema polepole. "Lilionekana jipya. Lilimpendeza."

Msanii aliushika usukani. Shati lile alilinunua yeye mwenyewe, akampa mumewe usiku wa kuamkia siku ile. Hakuwahi kulivaa kabla. Kumbe hata asubuhi ile, akiwa ametoka tu kumuaga mlangoni, alipitia kwa huyu kwanza.

Wifi alikuwa amesogea, amemshika mkono. Msanii aliutoa taratibu.

"Mlikuwa mnapendana?" aliuliza. "Niambie tu, mdogo wangu. Yeye hayupo tena, na mimi sina nguvu za kugombana na mtu. Nataka kujua nilikuwa naishi na nani."

Mwanamke alishuka kwenye baiskeli. Nyuma yake mwanga ulikuwa umesimama, umebakiza kipande kidogo tu kufika sokoni.

"Dada, hata sauti yake sikuwahi kuisikia," alisema. "Nilimwona mara moja tu, kupitia kioo cha mbele cha gari langu."