Mstari Mweusi

Luhende, ambaye sasa ni mpimaji wa madini, alikwenda kumjulia hali mwalimu wake wa kemia, Bi. Sikudhani. Juu ya kabati alilikuta lile jiwe la manjano alilomzawadia akiwa kidato cha pili, akiapa ni dhahabu.

"Bado unalo, Mwalimu?"

"Dhahabu yangu niitupe?"

Luhende alilinyanyua. Chini yake palikuwa na kigae kilichogeuzwa, kama Mwalimu alivyowafundisha darasani: ukisugua jiwe mgongoni mwa kigae, dhahabu huacha mstari wa manjano, pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu, huacha mweusi. Mstari ulikuwa mweusi, na kando yake, kwa wino uliofifia, mwaka ule ule aliomzawadia.

"Hukuwahi kulipima?" aliuliza taratibu.

"Ya nini?" Mwalimu alilipokea, akalifuta kwa upindo wa kanga, kama anayemfuta mtoto uso.