Kijidudu Mla Sabuni

"Sabuni?" Mkurugenzi alivua miwani. "Kilomita nne chini ya bahari, nani huko anaosha vyombo?"

Mtafiti hakutikisika. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na hakuwa na karata nyingine mkononi. Alikuwa amechuja maji ya chupa moja iliyoletwa na meli kutoka huko chini, akatoa DNA ya vijidudu vyote vilivyomo kwa mkupuo, kompyuta ikaunga vipande na kuzisoma jeni. Humo, peupe kabisa, zikajitokeza jeni za kuvunjavunja sabuni na mafuta ya kupikia. Kwenye kina kile cha bahari hakuna aliyewahi kuziona.

"Meli zinamwaga kila takataka, bosi," alisema. "Vijidudu navyo vimejifunza kula kilichopo."

Mkurugenzi alikuna kidevu, akacheka, akaagiza waandishi wa habari waitwe.

Jioni, nyumbani, baba mkwe alikuwa kwenye sinki kama kawaida yake, povu hadi viwikoni. Mzee huyu alipikia wagonjwa hospitalini mpaka akastaafu, na tangu ahamie kwao hakuna sufuria iliyolala chafu. Ukiweka kikombe chini ukapokee simu, ukirudi kimeshaoshwa, na chai yako ndiyo imekwenda hivyo.

"Ile chupa yako nyeusi imekuletea heri, mwanangu?"

"Imeniokoa, baba. Bila friji yetu hapa ingeharibika." Friji ya maabara ilikuwa imekufa siku ileile meli ilipotia nanga, ikabidi chupa ilale nyumbani. "Na kijidudu chenyewe nitakipa jina lako."

Mzee aligeuza uso, akaendelea kusugua sahani iliyokwisha takata zamani.

Siku ya siku, ukumbi ulifurika. Mkurugenzi alitangaza ugunduzi, kisha akatangaza mkataba mpya wa miaka mitano. Mtafiti alilia kwa furaha, wala hakujali kamera. Ndipo mzee akaombwa aseme neno, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi hotuba siziwezi," alisema, "ila nimefurahi kwamba na mimi nilimsaidia kidogo. Maana ile chupa alikuja nayo inanuka, jamani, mpaka friji nzima! Nikasema huyu mtoto ataaibika kazini. Nikamwaga yote, nikaisugua ndani na sponji yangu ya jikoni, na kwa kuwa iliandikwa maji ya bahari, nikamjazia ya bomba, nikatia na chumvi."