Kitambaa Chekundu

Fundi Ngonyani alikuja na msumeno kuukata mlingoti wa ofisi ya hali ya hewa.

"Mama, nani anautazama siku hizi?" alimuuliza Bi Zamda, mkuu wa ofisi. "Utabiri watu wanaupata kwenye simu."

Bi Zamda hakubisha. Tangu ofisi ilipokuwa kibanda cha bati, kitambaa chekundu kilipandishwa pale kila mvua ilipokuwa njiani, na kila mkuu aliyestaafu alikiachia kiraka cha nguo yake mwenyewe. Chake alikishona jana, kipande cha gauni la maua.

"Acha nikipandishe mara ya mwisho," alisema, "kisha ukate."

Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu. Kitambaa kikapanda, kikajikunjua. Ng'ambo ya barabara mwanamke akatoka, akatazama juu, akaanza kuanua nguo. Jirani yake naye akatoka, kisha mtaa mzima. Bi Zamda akajikuta anatabasamu.

Aligeuka amwambie fundi aendelee na kazi. Ngonyani alikuwa ameuweka msumeno chini, simu sikioni.

"Mama Chiku," alikuwa akisema, macho yake juu mlingotini, "anua mahindi."