Kitovu cha Mjukuu

Udongo ukichukuliwa na mvua huwa mali ya kule unakotua, na kuurudisha mlimani ni kosa. Shamba la Semeni limebaki mwamba mtupu. Kitovu cha mjukuu wake kilipokatika asubuhi, alishuka nacho bondeni kwa Shekiondo.

"Kaka, nipe viganja viwili tu vya udongo, nikakizike nyumbani."

"Ulikuwa wako, dada, sikatai. Lakini kwenye lango la mlimani askari wanasugua watu hadi kucha, hata chembe ya udongo isipite. Kizike hapa, penye kabichi."

"Mjukuu wangu awe mtu wa bondeni?"

"Shamba zima limeshuka, sembuse kitovu!" Shekiondo alicheka.

Semeni alipiga magoti, akachimba kwa vidole. Alikuta kigae cha chungu cha mama yake, kilichoshuka na shamba. Akakifukia kitovu papo hapo.

Langoni walimsugua kucha, wakamruhusu apande.