Kilio Kilichoshinda Tuzo

Kilio cha Siwema, kilichorekodiwa kwa ajili ya filamu moja, kiliposhinda tuzo, hata mbuzi wa mtaani kwake Chumbageni waliacha kutafuna. Tangu hapo kila mwanamke wa pwani aliyefiwa kwenye filamu alilia kwa sauti yake, na sheria ilikuwa wazi: kilio chenye tuzo ni mali ya filamu, mwenyewe akikitoa ni mwizi.

Siku dada yake Mwajabu alipofariki, Siwema alikaa mkekani, kanga kaijaza mdomoni.

"Makubwa! Dada mtu, jicho kavu," wifi yake Bi Saumu alimsuta. "Tuzo imekupanda kichwani?"

"Wifi, nikilia nafungwa."

"Basi lia kingine!"

Akajaribu. Kikatoka kama bata aliyekabwa, na wanawake wakaziba midomo wasicheke msibani.

Ili marehemu asiondoke kimya, Bi Saumu akawasha televisheni kwenye filamu ile. Mwigizaji wasiyemjua akafunua kinywa, kilio cha Siwema kikajaa chumba, na matanga yote yakaangua kilio.

"Huyo ndiye mwenye uchungu," alisema Bi Saumu, akijifuta machozi.

Siwema akaing'ata kanga, akamsikiliza mgeni yule akimlilia dada yake.